Vyuo vya Ufundi vya Gusii: Kazi, Washirika na Wakufunzi

Vyuo vya ufundi vya Gusii ni taasisi za elimu ya baada ya shule zilizoko katika kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya. Huwafunza vijana na watu wazima kazi za karakana, za ofisi, za jikoni, za shambani, za hospitali na za kompyuta. Kikubwa kati yake ni Kisii National Polytechnic, chuo cha kitaifa kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa michango ya harambee, kikiitwa Gusii Institute of Technology. Pamoja nacho kuna vyuo vya kiufundi vya maeneo bunge, kama Ekerubo Gietai katika Kaunti ya Nyamira, vituo vya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti, na kampasi za Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, zilizoko Kisii na Nyamira.

Nchini Marekani, kazi kama hii hufanywa na vyuo vya jamii, ambavyo cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901. Mkaazi husoma karibu na nyumbani, kwa karo ya chini, kisha huenda kazini au huendelea na chuo kikuu. Sheria ya Kenya haina taasisi ya jina hilo, lakini vyuo vya Gusii vina haki ya kuitwa vya jamii kwa sababu nzito zaidi: wenyeji ndio waliochanga fedha za kukianzisha kile kikubwa kati yake. Kwa hiyo shughuli za vyuo hivyo, washirika wao na sifa za wakufunzi wao hupimwa kwa swali moja, nalo ni kile ambacho mwananchi aliyechanga amerudishiwa.

Ardhi na watu

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kisii ina eneo la takriban kilomita 1,318 za mraba, hivyo kila kilomita ya mraba ina watu zaidi ya 950. Ni mojawapo ya sehemu za mashambani zilizojaa watu zaidi nchini. Mvua ni ya kutosha na udongo una rutuba: chai, ndizi, kahawa, parachichi, mahindi na mboga hustawi katika vilima hivyo. Tatizo ni ukubwa wa shamba. Ekari ambazo babu aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, zimebaki vipande ambavyo haviwezi kulisha familia mwaka mzima.

Hali hiyo ndiyo iliyoupa ufundi uzito wa urithi. Mzazi asiye na ardhi ya kumpa mtoto humtafutia karo. Ndiyo sababu habari za vyuo, kuanzia matokeo ya mitihani na kozi mpya hadi nafasi za kujiunga, hufuatiliwa kwa makini kanisani, kwenye mikutano ya chifu na katika matatu za Keroka, Ogembo na Kebirigo. Msisitizo huu wa elimu pia ulijengwa na wamishonari: Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911 na Waadventista Nyanchwa mwaka 1913, na misheni zote mbili zikaleta shule pamoja na ibada.

Historia

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, shule za msingi na za upili ziliongezeka kwa kasi kuliko kazi za mshahara. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilitoa ripoti kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi bila pa kwenda. Kutokana nayo vilizaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyofunza useremala, uashi na ushonaji kwa gharama ndogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaja wimbi la pili. Jamii mbalimbali za Kenya zilitangaza harambee za kujenga vyuo vya teknolojia vya ngazi ya juu. Kiambu na Murang'a walianzisha vyao, Nyeri wakawa na Kimathi, Kakamega wakawa na WECO, Kisumu wakawa na Ramogi, na Gusii wakaanzisha Gusii Institute of Technology. Kila chuo kilibeba jina la eneo lake, la watu wake au la shujaa wao, na kila kimoja kilitegemea makato ya mazao, michango ya wafanyakazi na ahadi za wanasiasa.

Vyuo hivyo havikuenda njia moja. WECO kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kimathi kikawa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na Murang'a nacho kikapanda kuwa chuo kikuu. Gusii Institute of Technology kilibaki katika ufundi. Mwaka 2016, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, serikali ilikipandisha hadhi pamoja na vyuo vingine kadhaa kuwa vyuo vya kitaifa vya mafunzo anuwai, nacho kikachukua jina la Kisii National Polytechnic.

Hitaji la chuo kikuu lilitimizwa na taasisi nyingine. Mwaka 1965 kilifunguliwa chuo cha walimu wa shule za msingi kwenye ekari 61 zilizotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. Mwaka 1983 kikaanza kuwafunza walimu wa shule za upili, mwaka 1994 kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikafanywa chuo kishiriki, na tarehe 6 Februari 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii. Kwa kuwa chuo cha walimu ndicho kilichopanda, karakana za ufundi za Gusii zilisalimika. Mahali pengine nchini, vyuo kadhaa vya kiufundi viligeuzwa vyuo vikuu katika miaka hiyo hiyo ambayo nchi ilikuwa ikilalamikia uhaba wa mafundi.

Ngazi za vyuo

Mfumo wa sasa unasimama juu ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi na Kiamali ya mwaka 2013. Sheria hiyo iliunda mamlaka ya kusajili na kukagua vyuo, TVETA, pamoja na baraza la kuandaa mitaala na kutahini, CDACC. Mwaka 2014 sheria nyingine ikaweka mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu, unaoonyesha uzito wa kila cheti ukilinganishwa na kingine.

Ngazi ya juu ni ya chuo cha kitaifa. Kisii National Polytechnic husimamiwa na baraza na hutoa masomo kuanzia ufundi wa awali hadi diploma. Ngazi ya kati ni vyuo vya kiufundi vya maeneo bunge, vyenye bodi za magavana. Sera ya serikali imekuwa kila eneo bunge lipate chuo. Kisii ina maeneo bunge 9 na Nyamira ina 4, kuanzia Bonchari na Mugirango Kusini hadi Borabu na Kitutu Masaba. Vyuo hivi humwondolea mwanafunzi gharama ya kupanga chumba mjini, kwa kuwa anaweza kutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni.

Ngazi ya chini ni vituo vya ufundi vya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka 2013. Tangu hapo, ujenzi wa karakana, ajira ya walimu wa ufundi na ununuzi wa vyerehani na mashine za kulehemu ni jukumu la magavana na mabunge ya kaunti ya Kisii na Nyamira. Mwananchi anayetaka kujua kwa nini kituo cha wadi yake hakina vifaa anapaswa kuuliza katika vikao vya bajeti ya kaunti, wala si Nairobi.

Mafunzo na upimaji

Kozi za vyuo hivi hufuata uchumi wa eneo na wa nchi. Zile za muda mrefu ni uhandisi wa umeme, uhandisi wa mitambo, ujenzi, ufundi wa magari, ufundi wa mabomba, uhasibu, usimamizi wa ugavi, upishi, mitindo na ushonaji, kilimo na sayansi za maabara. Zilizoongezeka baadaye ni za kompyuta na za urembo na ususi. KMTC huandaa watumishi wa afya kama wauguzi na maafisa wa kliniki.

Kwa kawaida diploma huhitaji alama ya C- katika mtihani wa kidato cha nne, na cheti huhitaji D. Aliyepata chini ya hapo hupokewa katika ngazi za ufundi wa awali. Mlango huu ndio tofauti kubwa kati ya chuo cha ufundi na chuo kikuu, kwani aliyeanguka mtihani hajafungiwa maisha. Anaweza kuanza na ngazi ya chini ya umeme, akapanda hatua kwa hatua hadi diploma, na hata akaingia chuo kikuu akiwa na miaka kadhaa ya uzoefu.

Njia ya kupima nayo imebadilika. Kwa miongo mingi Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, lilitahini kwa karatasi na kazi za vitendo mwishoni mwa kozi. Mtaala wa umilisi ulioletwa na CDACC huuliza kama mwanafunzi anaweza kuifanya kazi. Wataalamu wa sekta hukaa na kueleza hatua za kazi, mtaala huandikwa kutoka humo, na mwanafunzi huweka kumbukumbu za kazi alizozifanya. Matokeo huonyesha kama ameumudu umilisi au bado hajaumudu. Kozi zimegawanywa katika moduli, ili anayekatizwa na ukosefu wa karo au uzazi arudi baadaye kuendelea alipoachia.

Shughuli za chuo

Mwaka wa chuo una mihula mitatu, na katikati ya masomo kuna shughuli zinazokiunganisha na majirani. Ya kwanza ni kazi za uzalishaji. Karakana ya useremala hupokea oda za madawati na milango, idara ya mitindo hushona sare, jikoni huandaa chakula cha mikutano, na shamba la chuo hutoa maziwa na mboga. Mwanafunzi hujifunza kwa kazi ambayo mteja ataikagua, na chuo hupata mapato ya kununulia malighafi.

Ya pili ni mashindano. Vyuo vya ufundi vya Kenya hukutana kikanda na kitaifa kuonyesha ubunifu, ambapo wanafunzi na wakufunzi huleta mashine walizounda na kuzieleza mbele ya majaji. Kwa vyuo vya Gusii, uwanja wa ubunifu uko karibu: ukaushaji wa ndizi, ukataji wa majani ya ng'ombe, umwagiliaji wa bustani ndogo, na kupunguza vumbi katika uchongaji wa mawe. Kifaa kinachotatua shida ya jirani humpa mwanafunzi soko kabla hajahitimu.

Ya tatu ni utamaduni na michezo. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, hupokea vyuo katika daraja lao, na nyimbo za Abagusii husindikizwa na obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito. Mwanafunzi wa umeme anayejifunza kupiga obokano huendeleza ustadi wa kuunda na kukaza nyuzi ambao hakuna karakana inayoufundisha. Ya nne ni mahafali, siku ambayo wazazi kutoka vijiji vyote hufika chuoni, na wale wasiowahi kuingia darasani huona kwa macho yao kile walichokilipia.

Ushirikiano

Ushirikiano wa kwanza kwa umuhimu ni ule wa mafunzo ya nyanjani. Kila mwanafunzi hutakiwa kwenda kazini kwa kipindi fulani, na mkufunzi humtembelea huko kumkagua. Gusii ina waajiri wa kutosha wa aina mbalimbali. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA vimeenea Nyamira kwa majina kama Kebirigo, Nyankoba, Sanganyi, Tombe, Gianchore na Nyansiongo, na Kisii kuna Kiamokama, Ogembo, Nyamache na Itumbe. Kiwanda cha chai kina boila, mota, mikanda ya kusafirishia majani, mizani na maabara ya kuonja chai, na vyote huhitaji fundi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii hupokea wanafunzi wa afya, kuna kampuni ya maji ya GWASCO, na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Kisii kina mbegu na ujuzi unaowafaa wanafunzi wa kilimo.

Ushirikiano wa pili ni wa kitaifa. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutahini mafundi kwa gredi na hukusanya tozo kutoka kwa waajiri kwa ajili ya mafunzo. Huduma ya KUCCPS huwapangia wanafunzi vyuo. Mpango wa Jitume umekusudia kuweka maabara za kidijitali katika vyuo vya ufundi ili vijana wajifunze na kufanya kazi za mtandaoni. Vyuo pia vimeingizwa katika lengo la nchi la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, jambo la maana Gusii, ambako mikaratusi imepandwa hadi kwenye chemchemi na mabonde ya maji.

Ushirikiano wa tatu unatoka nje ya nchi. Kupitia mkopo wa China na kampuni ya AVIC, vyuo vingi vya Kenya vilipata mashine za kisasa za uhandisi pamoja na mafunzo ya kuziendesha. Mpango wa namna hii huleta faida pale tu mkufunzi anapobaki na ujuzi wa kuitengeneza mashine na chuo kinapokuwa na fungu la vipuri. Mkataba mzuri huandikwa ukitaja mambo hayo mawili.

Kuna mshirika wa nne ambaye husahaulika: fundi wa jua kali na mchongaji wa Tabaka. Tabaka, katika Mugirango Kusini, ndiko yanakochimbwa mawe ya sabuni ya Kisii. Kwa kawaida wanaume huchonga, nao wanawake husugua kwa msasa na maji hadi jiwe ling'ae. Sanamu, sahani na bakuli zao huuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Ujuzi huu umepita kutoka mzazi hadi mtoto bila cheti. Mfumo wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao Kenya imeuwekea sera, humwezesha mchongaji au makanika wa miaka mingi kupimwa na kupewa cheti cha ngazi anayostahili. Vyuo vya Gusii vikiwafikia watu hawa, vitapata pia walimu wageni ambao hakuna kitabu kinachoweza kuwapita.

Wakufunzi na mafanikio yao

Mkufunzi wa chuo cha ufundi hubeba taaluma mbili: ni fundi na ni mwalimu. Sheria humtaka asajiliwe na kupewa leseni na TVETA. Wengi husomea ualimu wa ufundi katika chuo cha kitaifa cha wakufunzi kilichoko Gigiri, Nairobi, baada ya kuhitimu katika fani zao. Wakufunzi wa vyuo vya umma vya taifa walihamishwa kutoka Tume ya Kuwaajiri Walimu hadi Tume ya Utumishi wa Umma, na wale wa vituo vya kaunti huajiriwa na kaunti.

Mafanikio yao huonekana kwa namna kadhaa. Baadhi hujiendeleza kwa shahada za uzamili na uzamifu, na kuwepo kwa Chuo Kikuu cha Kisii karibu kumewapunguzia safari. Wengine huteuliwa kuandika viwango vya kazi na mitaala ya kitaifa, au huwa watahini na wathibitishaji wa CDACC katika vyuo vingine. Wapo wanaowaongoza wanafunzi katika mashindano ya ubunifu, na wapo wanaopandishwa vyeo kuwa wakuu wa idara au kupelekwa kuanzisha vyuo vipya vya maeneo bunge.

Sherehe za chuo huwapongeza hao, na ni haki yao. Ila mafanikio makubwa zaidi ya mkufunzi hayaandikwi kwenye ukuta wa ofisi. Ni yule kijana aliyekuja na alama ya E na sasa ameajiri wenzake watatu Suneka. Ni nyumba za Nyamira ambazo nyaya zake hazishiki moto. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Mkufunzi asiyeacha kujifunza ndiye anayeupa msemo huo ukweli, kwa kuwa mashine hubadilika kila mwaka na mwanafunzi hawezi kuvuka kiwango cha anayemfunza bila kuhangaika.

Karo na ufadhili

Kuanzia mwaka wa masomo wa 2018/2019 serikali iliweka karo ya vyuo vya kiufundi kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Ilimlipia kila mwanafunzi aliyestahili shilingi 30,000, zikabaki 26,420 za familia, na bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ikatoa mkopo wa hadi shilingi 40,000. Mpango huo ulijaza madarasa. Mwaka 2023 ulikuja mfumo mpya unaogawanya gharama kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa kila nyumba. Basari za maeneo bunge na za kaunti zimekuwa zikiziba mapengo yanayobaki.

Pale panapohitaji kazi

Mambo matatu yanahitaji kusimamiwa. La kwanza ni mgao wa serikali unaochelewa, ambao huviacha vyuo bila mbao, nyaya na chuma cha mazoezi. Mwanafunzi wa kulehemu asiye na vyuma anasoma historia ya kulehemu. La pili ni idadi ya wakufunzi, ambayo haijaongezeka kwa kadiri ya wanafunzi. La tatu ni heshima. Bado wako wazazi wanaoona chuo cha ufundi kama adhabu ya aliyeanguka mtihani, na wasichana wengi huelekezwa kwenye ususi na upishi hata pale ambapo mkono wao uko kwenye umeme au mitambo.

Wakati wa kurekebisha ni huu. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa shule liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na likimaliza litakuja na mazoea ya kutenda, si ya kukariri tu. Vyuo vya Kisii na Nyamira vina misingi ya kulipokea: karakana zilizohifadhi ufundi kwa zaidi ya nusu karne, viwanda na hospitali zilizo karibu, na jamii inayoamini elimu kwa dhati. Mwenye kiwanda afungue nafasi za mafunzo ya nyanjani. Bodi zichapishe hesabu zao na orodha ya vifaa ili aliyechanga ajue mchango wake umefanya nini. Mzazi naye, kabla ya kulipa karo popote, akague kama chuo kimesajiliwa na TVETA, aingie karakanani, na aulize wahitimu wa mwaka uliopita wako wapi.